Udongo Uliofagiwa

Mwanahamisi wa Mikelenge alikuwa anaua mimea. Mtaa mzima ulijua, na yeye mwenyewe hakukana. Si kwamba alikusudia. Alikuwa na mkono wa moto tu, akigusa kitu kibichi kinajikunja. Matembele, jamani, matembele ambayo mtu akiyatupa nyuma ya choo yanaota bila kuombwa, kwake yalikauka. Mumewe Hamadi, Mungu amrehemu, aliwahi kumletea mche wa mlimau kutoka Kibombo, akaushika mapajani njia nzima ndani ya treni, akiunywesha maji yake mwenyewe ya kunywa. Haukufika Ijumaa ya pili, ukawa kijiti cha kuchokolea meno. Hamadi akacheka, akasema, "Mke wangu, wewe Mungu alikuumbia ufagio. Mambo ya jembe tuwaachie wenyewe."

Na ufagio aliuweza, mtu asikudanganye. Kila alfajiri, akishatoka kwenye mswala na kabla hajatia kitu kinywani, Mwanahamisi alishika ufagio wake wa chelewa akainama. Alianzia kizingitini, akashuka na uwanja mpaka chini, na alipomaliza hapakuwa na jani, hapakuwa na ganda la karanga, hapakuwa na unyasi hata mmoja uliothubutu kutoa kichwa. Ardhi ilibaki nyekundu na ngumu, imechorwa mistari ya ufagio kama mkeka mpya. Katika nyumba za waungwana wa Kindu wanawake walipimana hivyo: uwanja wenye majani ni wa mwanamke mvivu, na nyoka atakuja kulala humo. Mama yake alimfundisha hayo kwa makofi, naye aliyashika mpaka akawa mjane mwenye mvi.

Jirani yake wa upande wa chini alikuwa Okito. Zamani aliitwa Florentin, mpaka redio ilipotangaza kwamba majina ya kizungu yamekwisha. Akaamka asubuhi ameshakuwa Okito, na ukimwita Florentin anatazama nyuma kama kuna mgeni amekuja. Kazi yake ilikuwa kupakia mizigo bandarini, lakini moyo wake haukuwa bandarini hata siku moja. Moyo wake ulikuwa kwenye bustani. Alikuwa na lengalenga, huo mchicha wa kwetu, zenye majani mapana, nyanya, biringanya, ngai-ngai ya kutia uchachu kwenye samaki, na maharagwe yanayopanda mpaka yanakosa pa kwenda. Watu walivuka mto kutoka Alunguli kuja kutazama tu. Chama, kile kimoja kilichotawala nchi nzima, kilimpa kibendera cha kijani, akakichomeka katikati ya nyanya. Na huyu Okito na Mwanahamisi walichukiana, tena si chuki ya kufichaficha, ni chuki ya kutema mate pembeni wakikutana kisimani.

Chuki ilikuwa na mwanzo wake. Takataka zote za Mwanahamisi, majani, majivu, maganda ya muhogo, miba ya samaki, zilisukumwa na ufagio kwenda chini, kwa kuwa uwanja uliteremkia huko, na huko chini zikawa jalala refu la kufuata mpaka. Mwaka mmoja jalala likanuka, panya wakahamia. Okito akamshitaki kwa Musafiri, mkuu wa mtaa, mtu wa Chama, anayevaa abakosti, lile koti la watu wa Chama, na kitambaa shingoni hata jua likipasua mawe. Mwanahamisi alisema jalala liko kwa Okito. Okito akaapa kwa baba yake na mama yake kwamba liko kwa Mwanahamisi. "Ule mchikichi alipanda Hamadi," alipaza sauti mbele ya watu wote, "na mpaka njo mchikichi, ndio huohuo! Yote ya huku juu iko yake! Uchafu ni wake, panya ni wake!" Musafiri akapima kwa hatua zake mwenyewe, akaona Okito amesema kweli. Akamhukumu Mwanahamisi kufagia soko peke yake, kila Jumamosi ya Salongo, ile kazi ya lazima ya Chama iliyomtoa kila mtu nyumbani kwake, msimu mzima wa mvua.

Hebu fikiria aibu ile. Mjane wa Hamadi anafagia vichwa vya samaki sokoni, wenzake wa msikitini wanapita wakijifanya hawamwoni, na Okito amekaa kwenye kibanda cha pombe, miguu amenyoosha, anacheka mpaka anajishika mbavu. Mwanahamisi aliapa hatatia jicho tena upande ule wa chini, na kweli hakutia. Alifagia mpaka mwisho, akageuza uso, akasukuma takataka bila kutazama zinaangukia wapi, akarudi juu. Miaka ikaenda hivyo.

Halafu ikaja amri ya bustani. Jumamosi moja, watu wakiwa bado wameshika mapanga ya Salongo, Musafiri alipanda juu ya sanduku la bia. "Sitwayeni!" alisema, maana siku hizo sote tulikuwa sitwayeni, raia tu, hapakuwa na bwana wala bibi. "Siku ya sikukuu ya Chama, Komisari, mkubwa wetu wa Serikali, anatembelea mtaa wetu. Kila lupango, kila kiwanja, iwe na bustani! Ardhi ni ya Serikali, si ya marehemu wa mtu. Lupango isiyo na kitu kibichi tutahesabu ni tupu, na lupango tupu tutamupa muntu mwenye kuweza kulima!" Hakumtaja mtu, lakini watu wote waligeuka wakamtazama Mwanahamisi. Okito hakuwa na haja ya kugeuka, alikuwa anamtazama tangu mwanzo. Kwa miaka alikuwa akisema hadharani kwamba ardhi nzuri inalia chini ya yule mwanamke.

Mwanahamisi alirudi nyumbani. Nyumba ile Hamadi aliifyatulia matofali mwenyewe, akitoka kazini kwenye reli anaingia kwenye tope. Humo alizaa watoto akawazika, humo Hamadi alikata roho kichwa kikiwa mapajani mwake. Akitolewa pale aende wapi? Kwa wifi yake Safi kule Kalima, akapewe pembe ya jiko na masimango asubuhi na jioni? Alikaa kizingitini akalia kwa hasira, kisha akafuta kamasi, akaenda kuazima jembe.

Akalima. Ilikuwa aibu kutazama. Jembe lilipiga ile ardhi ngumu likaruka, akapiga tena, likaruka tena karibu limvunje muundi. Alikwangua kwangua, akamwaga mbegu za lengalenga, zile ndogo mfano wa ugoro, akalala ameridhika. Alfajiri akatoka kwenye mswala, akashika ufagio, akainama. Alikuwa ameshafika katikati ya uwanja ndipo mkono ukasimama wenyewe. Mbegu zote zilikuwa mbele ya ufagio, zimechanganyika na vumbi na mavi ya kuku. Alijitukana mpaka akaishiwa maneno.

Mara ya pili alizungushia mawe ili ufagio ukumbuke. Saa sita ya mchana, jua limesimama utosini, akaona huruma, akachukua ndoo akamwaga maji yote kwa mara moja. Maji hayakuingia popote. Yaliteleza juu ya ile ardhi yakakimbia kuteremka, mbegu ndani yake, mpaka kwa Okito. Mara ya tatu akaomba vijiti vya muhogo sokoni, angalau apate sombe, yaani kisamvu, maana kila mtu alimwambia muhogo hauna shida, mtoto anapanda, mlevi anapanda. Akavichomeka kwa safu nzuri kabisa, ila vyote alivichomeka kichwa chini, miguu juu. Nyuma yake alisikia kicheko cha Okito, kisha cha mkewe Okito. Hakugeuka, kiapo ni kiapo. Vijiti vikaoza vikatoa harufu.

Habari zikafika Kalima. Safi alishuka kwenye lori la mizigo, hajasalimu, hajafunguliwa mlango, tayari anasema. "Nyumba ya kaka yangu inachukuliwa kwa sababu ya mchicha? Mchicha, Mwanahamisi? Kaka yangu alioa mwanamke au alioa ufagio?" Mwanahamisi akamjibu kwamba kama ni kuja kutukana angelibakia hukohuko kwao. Safi akajitupa kizingitini apumzike. Mara akatazama chini.

"Wifi," alisema, "mbona miguu yangu haifiki?"

"Umezeeka, umefupika."

"Funga kinywa. Siku ya harusi yenu nilikaa hapahapa nikala pilau, sahani magotini, na nyayo zangu ziko chini." Akaichezesha miguu hewani. Kisha akainama kutazama msingi wa nyumba, na Mwanahamisi naye akainama. Mawe ya msingi, ambayo Hamadi aliyafukia, yalikuwa nje yote, nyumba imesimama juu yake kama jino lililokimbiwa na ufizi. Kila alfajiri alikuwa ameondoa kidogo, si majani tu, bali na ngozi ya ardhi pia. Hakuwahi kuliona.

"Udongo wa kaka yangu uko wapi?" Safi aliuliza polepole.

Safi akasimama, akashuka na uwanja mpaka kwenye ua wa mchaichai uliotenga viwanja viwili, akaweka mkono juu ya macho. "Na mchikichi wa Hamadi? Unafanya nini kule ndani ya bustani ya watu, umepandwa na maharagwe?"

Hapo Mwanahamisi alivunja kiapo chake, akageuka akatazama. Mchikichi ulikuwa mbali ndani ya bustani ya Okito. Mchaichai, ambao zamani ulikuwa chini ya mchikichi, ulikuwa umepanda juu, shina kwa shina, kila msimu hatua moja, mpaka umefika karibu na jiko lake. Jalala halikuwapo tena. Lilikuwa limegeuka udongo mweusi, laini, umepangwa matuta, na juu ya matuta hayo zilisimama nyanya zenye sifa Kindu nzima, na kibendera cha Chama kinapepea juu yake.

"Mwizi!" Mwanahamisi alipiga kelele. "Mwizi mkubwa!"

"Mwizi nani?" Safi alimgeukia. "Uliyemfagilia ni wewe!"

Jumamosi iliyofuata Mwanahamisi hakungoja Musafiri amalize kuwaimbisha watu nyimbo za Chama. "Mkuu," alisema, "bustani yangu iko tayari. Njoo uione." Watu wakaangua kicheko, wakamfuata, hakuna aliyetaka kukosa. Akashuka uwanja wake, akaupita mchaichai bila kupunguza mwendo, akakata katikati ya nyanya mpaka kwenye mchikichi, akaupiga kofi. "Njo hii," alisema.

Okito alitoka mbio. "Mama huyu ana wazimu! Toka! Unakanyaga nyanya zangu!"

"Nyanya zako? Mpaka ni nini, Okito? Sema. Sema kama ulivyosema siku ile. Nani alipanda mchikichi huu?"

Okito aliinama kuinua nyanya zilizokanyagwa. Nyuma, Hadidja muuza samaki akapaza sauti: "Alisema! Sote tulisikia! 'Yote ya huku juu iko yake!' Na mama wa watu akatufagilia soko mpaka mvua zikaisha!" Watu wakaitikia, naam, tulisikia, tulikuwapo. Musafiri akajifuta shingo kwa kile kitambaa chake. Alikuwa amekula nyanya za Okito si mara moja, lakini ile hukumu aliitoa mwenyewe na ardhi aliipima kwa miguu yake. Mkuu hawezi kusema mbele ya watu kwamba miguu yake ilidanganya.

"Sawa," alisema kwa uchungu. "Mpaka njo mchikichi. Bustani ya huku juu ni ya mama." Kisha akamtazama Mwanahamisi vibaya, maana hakupenda kukamatwa vile. "Lakini Komisari anakuja kuona bustani, hakuji kuona makaburi. Siku ile akikuta imekufa, kiwanja na nyumba yake vinakwenda kwa Okito. Na wewe Okito, usitie mguu huku. Kila mtu na mkono wake."

Okito alikuwa karibu kulia. Kusikia hivyo akaitazama mikono ya Mwanahamisi, na uso wake ukafunguka. "Nimekubali, mkuu," alisema. "Nimekubali kabisa." Akang'oa mchaichai wake mwenyewe, akaurudisha chini ya mchikichi huku akipiga mluzi. Kibendera alikichukua. Halafu akaleta kigoda, akakiweka palepale mpakani, awe anakaa kutazama mimea ikifa.

Na ilianza kufa. Ubaya wenyewe ni kwamba Mwanahamisi alijitahidi. Angelikuwa mvivu mboga zingeliishi! Saa sita kamili, jua likiwaka, alizimwagia maji vichwani, akisema hapo ndipo zina kiu, na majani yakababuka. Alipotaka mboga aling'oa lengalenga nzima na mizizi yake, tuta moja likabaki uwazi. Nyanya zilianguka kwa uzito wake, akaziacha zimelala, akidhani zimechoka. Safi alikuwa hodari wa kugundua maovu ya watu, lakini jembe hakulijua zaidi ya wifi yake, akarudi Kalima akilaani. Mwanahamisi alibaki peke yake na bustani inayonyauka na adui aliyekaa kwenye kigoda.

Siku za kwanza Okito alicheka. Baadaye akaacha kucheka. Alikaa tu, anatafuna mdomo wa chini. Mkewe alimwambia Hadidja sokoni kwamba bwana hali vizuri, sahani inarudi na chakula chake. "Furaha," Hadidja alisema. "Si furaha," mkewe alisema.

Sikukuu ilikuwa imekaribia sana Mwanahamisi alipoingia bustanini alfajiri na ufagio wake. Kulikuwa na kitu kilichomkera tangu siku ya kwanza, akavumilia, lakini Komisari anakuja, loo, haiwezekani. Chini ya mimea yote Okito alikuwa ametandaza majani makavu na nyasi zilizooza. Uchafu mtupu! Mtu mkubwa aje akute uchafu kwa mjane wa Hamadi? Akainama, akafagia. Alifagia vizuri, kama alivyofundishwa, kati ya matuta na juu ya matuta, majani yakatoka, na ule udongo laini wa juu ukafuata, mpaka mizizi ya nyanya ikaonekana, myeupe.

"We mwanamke shetani!"

Okito alikuwa amesimama mpakani, kitambaa kiunoni tu, macho yamemtoka. "Unazivua nguo! Acha! Tupa ufagio huo! Tupa!"

"Uchafu huu..."

"Si uchafu! Ni blanketi yao! Rudisha! Rudisha majani yote, fukia mizizi, haraka, jua linatoka!"

Mwanahamisi alisimama, ufagio hewani. Okito naye akasikia alichokisema. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, siku chache tena, aamke asubuhi moja akute kiwanja chote ni chake, na nyumba juu. Alijua hivyo, na Mwanahamisi akaona kwamba anajua. Wakatazamana kwa chuki, jua linakuja.

"Nikishafukia," Mwanahamisi aliuliza, "nimwage maji?"

"Si sasa, mjinga! Jioni! Jua likishashuka! Na si kichwani, chini, miguuni, kidogokidogo!" Akatema mate, akakipiga kigoda teke, akaingia ndani. Mwanahamisi akapiga magoti, akaanza kurudisha majani kwa mikono.

Kuanzia hapo alifundishwa kulima kwa matusi. Mtaa wote ulisikia. "Funga nyanya kwenye mti, kiumbe wewe, huoni zimelala? Si kwa waya, unazinyonga! Kwa kitambaa!" "Lengalenga kata shingo, acha shina, litatoa mengine! Nani alikufundisha kung'oa?" "Muhogo una macho, macho ya kijiti yatazame juu! Ulizika maiti kichwa chini!" Mwanahamisi alirudisha tusi kwa tusi. Alimwita mla panya, alimwita mdomo wa behewa, akamwuliza kwa nini hakumwambia siku ile ya muhogo. "Nikuambie kwa nini?" Okito alifoka. "Wewe ni nani yangu?" Lakini jioni, jua likishashuka, Mwanahamisi alimwaga maji miguuni, kidogokidogo. Mkewe Okito alimshika mumewe mkono akamwuliza ana wazimu gani, anajinyima ardhi kwa kinywa chake mwenyewe. "Siwezi," Okito alisema. "Huyu mama namchukia mpaka kesho. Lakini nyanya zimenikosea nini?"

Siku ya sikukuu Komisari alifika na kundi lake, wanawake wakamchezea ngoma za Chama, Musafiri mbele anatoka jasho. Bustani ilikuwa na makovu. Tuta moja lilikuwa wazi bado, na majani mengine yalikuwa na alama za kuungua. Lakini ilikuwa hai, lengalenga zilizokatwa shingo zimetoa vichwa viwili viwili, nyanya zimefungwa vitambaa vya kanga kuukuu ya Mwanahamisi. Komisari akainama, akageuza nyanya mkononi, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Mama," alisema, "nimeambiwa wewe hukujua kulima. Nani alikufundisha?"

Okito alikuwa kwenye mchaichai wake, anatazama vidole vya miguu. Mwanahamisi alimtazama. Angeliweza kusema Mungu, angeliweza kusema Chama, na watu wangelipiga makofi.

"Adui yangu," alisema.

Komisari akacheka sana, akadhani ni mzaha, akaenda nyumba ya pili. Watu wa mtaa hawakucheka. Okito aligeuka akaingia ndani kwake.

Nyumba ikabaki ya Mwanahamisi. Aliendelea kufagia kila alfajiri, ungetaka afanye nini? Ila sasa kila jani, kila konzi ya majivu, aliigeuza ikaishia kwenye mashina yake mwenyewe. Hapana kitu kilichovuka mchaichai. Na kule chini, bustani ya Okito iliyobaki, ambayo kwa miaka ilikula uwanja wa Mwanahamisi bila kusema asante, ikaanza kuwa njano. Okito alitafuta majani njiani, alibeba magunia ya taka kutoka bandarini, haikutosha. Kuomba hakuomba. Mwanahamisi alileta kigoda chake mwenyewe, akakiweka upande wake wa mpaka, akawa anakaa kutazama. Alifurahi, tusidanganyane, alifurahi sana.

Halafu akaacha kufurahi. Biringanya za Okito zilikuwa zimeinama, na sasa alijua kwamba zina njaa, si kwamba zimechoka. Siku moja alfajiri alifagia mpaka chini, hakugeuza uso. Akakusanya majani, majivu, maganda ya muhogo, vumbi jekundu la uwanja wa Hamadi, lundo kubwa, akalisukuma lote kwa ufagio likavuka mchaichai.

"Okito!" alipiga kelele. "Chukua uchafu wako!"

"Uchafu ni wako!" Okito alijibu kutoka ndani, na alikuwa tayari anatoka na jembe. Hawakusalimiana siku ile, wala siku nyingine yoyote. Lakini kila asubuhi lundo lilikuwa pale, na likiwa dogo Okito alitukana.